Kabla hujanunua Benzi iliyotumika, ijue kwanza historia yake

Watu wengi wananipigia simu kuniuliza kuhusu Benzi na swali huwa ni lile lile, "kaka nimeona C-Class iko yadi, imetoka Japan, bei imeshuka mpaka inakaribiana na Toyota Crown, nichukue?" Mimi nauliza injini gani na ya mwaka gani, mtu ananyamaza kidogo alafu ananijibu "aah, si Benzi tu, Benzi ni Benzi". Hapo ndo penye shida yenyewe, kwasababu Benzi sio moja. Hii kampuni ina miaka zaidi ya 130 na ndani ya hiyo miaka kuna vipindi ilitengeneza gari ambazo mpaka leo zinatembea, na kuna vipindi ilitoa gari zenye matatizo makubwa tu, na zote zina nyota ile ile mbele. Ukinunua bila kujua unachukua gari ya kipindi gani, unakuwa umelipia sifa ya gari nyingine.

Mimi nimejifunzia udereva kwenye 230E ya mjomba wangu, zile za miaka ya 80 zinaitwa W124, tumeenda nayo Moshi na kurudi Dar mara nyingi sana, na kwa sasa natembelea C200 Kompressor (injini yenye pampu ya kuisukumia hewa) ya 2008, kizazi kinachoitwa W204. Nazipenda zote mbili kutoka moyoni ila nakwambia ni gari mbili tofauti kabisa, zinataka utunzaji tofauti na hata fundi tofauti.

Tuanzie mwanzo, maana sifa ya hii kampuni haikuletwa na matangazo, ililetwa na barabara. Carl Benz alipata hati ya ubunifu wake tarehe 29 Januari 1886 kule Mannheim, kigari cha magurudumu matatu, silinda moja, nguvu yake haifiki hata farasi mmoja. Kilikuwepo lakini watu hawakukiamini, walikuwa wanakishangaa tu. Aliyekifanya kiaminike ni mke wake, Bertha Benz. Agosti 1888 akachukua gari asubuhi bila kumuaga mumewe, akapakia watoto wake wawili wa kiume, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya kama kilomita 100 na kitu. Hakuna sheli, hakuna gereji, hakuna chochote. Mafuta yalipopungua akanunua ligroin, aina ya petroli nyepesi, kwenye duka la dawa pale Wiesloch, maana kipindi hicho ilikuwa inauzwa kama dawa ya kusafishia nguo. Bomba la mafuta likaziba akalizibua kwa pini ya kofia yake, waya wa moto ukachubuka akaufunga kwa mkanda wa soksi, breki za mbao zikaisha akamsimamisha fundi viatu njiani akazibandikia ngozi. Milimani watoto walishuka wakasukuma. Na aliporudi nyumbani hakusimulia tu, alimwambia mumewe gari inahitaji gia nyingine ya kupandia milima, na mumewe akaiongeza.

Mimi huyu mama namheshimu sana, na kila nikisikia mtu anasema gari za Kijerumani ni za wanaume wenye hela namkumbuka yeye. Test drive ya kwanza ya maana duniani aliifanya yeye na akatoa ripoti ya kifundi kabisa.

Upande wa pili, kule Cannstatt karibu na Stuttgart, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa na injini zao na wala hawakuwa wanashirikiana na Benz. Jina Mercedes lilitoka kwa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa anauza gari za Daimler kwa matajiri wa Nice kule Ufaransa, lilikuwa jina la binti yake, na gari ya kwanza yenye hilo jina ilitoka 1901. Nyota ya pembe tatu ikasajiliwa 1909, maana yake nchi kavu, majini na angani, injini zao zifike kote huko. Alafu baada ya vita ya kwanza uchumi wa Ujerumani ukaanguka vibaya mno, wapinzani wawili ikabidi waungane Juni 1926 ikawa Daimler-Benz.

Kuna sehemu ya historia ambayo wauzaji hawaisemi na mimi sitairuka. Wakati wa vita ya pili viwanda vyao vilitengeneza injini za ndege na malori ya jeshi la Hitler, na kufikia 1944 karibu nusu ya wafanyakazi walikuwa watu waliolazimishwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe imekiri hilo. Ukiipenda gari ujue na hilo pia, sifa haifuti kilichotokea.

Sasa kipindi cha dhahabu. Kuanzia miaka ya 50 mpaka mwishoni mwa 80 hawa watu walitengeneza gari kama vile hakuna mhasibu ndani ya kiwanda. Mhandisi wao Béla Barényi alikuja na wazo kwamba mbele na nyuma ya gari pakunjike kwenye ajali ili pale walipokaa abiria pabaki salama, na 1959 wakaliweka kwenye gari za kuuza. 1978 wakaweka ABS ya kielektroniki, yaani breki zinazozuia magurudumu kufunga, kwenye S-Class wakishirikiana na Bosch. Dizeli nayo walikuwa nayo tangu 1936 na 260 D. Na huku kwetu watu hawakusoma hizi habari kwenye magazeti, walijionea, kwasababu mashindano ya East African Safari yaliyokuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika yalichukuliwa na Mercedes miaka mitatu mfululizo, 1959 na 1960 Bill Fritschy na 219, alafu 1961 John Manussis na 220 SE. Tope, vumbi, mawe, na gari inafika. Heshima ya Benzi Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa imetoka huko, alafu ikaja kushika kabisa na W123 ya 1976, ambayo walitengeneza karibu milioni 2.7, ikafuatiwa na W124. Kule Thessaloniki, Ugiriki, kuna dereva teksi alitembeza 240 D yake kilomita milioni 4.6, injini ikifunguliwa na kubadilishwa njiani kama inavyotakiwa, na 2004 kampuni ikaichukua ikaiweka makumbusho.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Toyota walileta Lexus LS 400 mwaka 1989, nzuri, kimya, bei nafuu, na Wajerumani wakashtuka wakaanza kubana gharama. Miaka ya 90 mwanzoni nyaya za injini zikawekwa maganda yanayooza kwa joto. E-Class ya 1995, ile ya taa za duara, inaliwa na kutu. Oktoba 1997 A-Class mpya ikapinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa mnyama barabarani, wakasimamisha kupeleka gari kwa wateja mpaka walipofunga ESP, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, kwa zote, na hapa niseme ukweli nawapa pongezi maana walirekebisha kwa hela yao na ESP ikaenea haraka kwa wengine. 1998 wakaungana na Chrysler, ndoa iliyowala hela nyingi mpaka 2007 walipoachana. E-Class W211 ikaja na breki za umeme za SBC, na 2004 wakaita gari kama 680,000 zirudi kukaguliwa.

Ndo maana nasema uliza mwaka. Yule mzee anayekwambia "Benzi haifi" anazungumzia W123 na W124. Yule jirani anayekwambia "Benzi itakufilisi" inawezekana kabisa alinunua gari ya 2000 na kitu iliyokuwa haijafanyiwa service. Wote wawili wanasema kweli.

Haya tuje kwenye kununua. Zilizojaa sasa hivi kwenye yadi ni W204, C180 na C200, za 2007 mpaka 2014, na hizi ndo nazijua vizuri. Za mwanzo zina injini ya M271 Kompressor, na ugonjwa wake ni cheni ya taimingi kulegea na meno ya zile gia za juu kulika. Hii haionekani kwenye picha na muuzaji akiwa ameshaipasha gari kabla hujafika husikii kitu. Kwahiyo mwambie kabisa kwenye simu gari isiwashwe mpaka ufike. Mimi nilipoenda kuangalia niliyonayo nilienda na fundi wangu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ya baridi. Akafungua, akaniambia "kaka washa ila usikanyage mafuta", alafu akainamisha sikio upande wa mbele wa injini. Ile sekunde ya kwanza mpaka ya tatu ndo ya kusikiliza, kama kuna krrrk ya chuma alafu inapotea ujue cheni imeshaanza. Siku hiyo ilikuwa kimya. Kabla ya hapo kuna nyingine tuliiacha pale pale, ilikoroma na mwenye nayo anatuambia ni baridi tu, Dar es Salaam hii, baridi ya wapi.

Cha pili kwenye W204 ni loki ya stelingi. Ukichomeka ufunguo unatakiwa usikie mlio mfupi wa kimota kidogo, zzt, hicho ndo kinafungua stelingi. Kimota kikifa unachomeka ufunguo, unazungusha, dashibodi haiwaki, gari imekuwa jiwe. Hakina dalili nyingi kabla ya kufa kwahiyo uliza kama kilishabadilishwa, na jua mapema fundi gani mjini anaweza kukifanya maana anahitaji mashine ya kuprogramu.

Gia za hizi za mwanzo ni zile za spidi tano, ngumu sana, ila kuna plagi ya plastiki ubavuni ambayo mpira wake ukichoka, mafuta ya gia yanapanda taratibu kwa kufuata waya mpaka kwenye kompyuta ya gia. Plagi ni spea ya bei ndogo, kompyuta sio. Mwambie fundi aiangalie, na mafuta ya gia yamwagwe kila kama kilomita 60,000, usimsikilize mtu anayekwambia hayabadilishwi maisha yote.

Ukikuta V6, kwa mfano C230, C280, au E350, hiyo mara nyingi ni injini ya M272. Injini tamu kweli kweli lakini zile za kuanzia 2004 mpaka kama 2006 zina gia ya balansi shafti (fimbo inayotuliza mtetemo wa injini) iliyotengenezwa na chuma laini, inalika, na kuibadilisha injini lazima ishuke. Chukua namba ya injini umpe fundi anayeijua akuhakikishie kama ina gia ile laini au haina. W211 mimi ningechukua zile za kuanzia 2006 katikati walipoondoa SBC. Na zenye suspension ya hewa, iache gari imezimwa usiku kucha, asubuhi kama imeinama kona moja umeshapata jibu.

Wanaoishi Tanga, Zanzibar na pwani yote kwa ujumla, ile E-Class ya taa za duara naomba msinunue bila kuingia chini. Kikombe cha springi ya mbele kimechomelewa tu kwenye bodi, kutu ikikila kinang'oka gari inakaa chini ghafla, na ikiwa barabarani ni hatari. Rangi ya juu inaweza kuwa inang'aa vizuri tu.

Kitu kingine kidogo lakini muhimu, soma namba ya chesisi mwenyewe. Herufi tatu za mwanzo ni WDB au WDD na tarakimu tatu zinazofuata ndo aina ya gari, 204 ni C-Class, 211 ni E-Class, 124 ni ile ya mjomba. Kama kilichoandikwa kwenye kadi hakifanani na kilichogongwa kwenye chuma, ondoka. Oili nayo usiangalie jina la kampuni, geuza dumu nyuma utafute maandishi ya kibali cha Mercedes, mfano MB 229.5, kama hakuna kibali kinachotajwa kwenye kitabu cha gari yako iache hata kama muuza duka anaapa. Na spea ukienda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, nenda na namba ya spea uliyopewa na fundi au nenda na ya zamani mkononi, kwasababu C200 ya 2008 na C200 ya 2011 zina jina moja na vitu vingi haviingiliani.

Kuna wanaoniuliza kama leo inafaa kutafuta W124. Inafaa, kama una sehemu ya kuipaki na huna haraka ya kila siku. Chagua za silinda nne za mwanzo, 200E au 230E, nyaya zake hazina shida. Ukipenda zile za 1993 mpaka 1995 ambazo ni laini zaidi, fungua boneti ushike waya za injini kwa vidole, kunja kidogo, kama ganda linapukutika kama unga usiinunue mpaka bei ya waya mpya iwe imekatwa. Na kama muuzaji anasema zilishabadilishwa, waya mpya huwa na kilebo chenye tarehe kimezungushiwa kwenye shina la nyaya, kitafute usome mwenyewe.