Kompyuta iko dukani, mimi niko nyumbani

SWALI: Fundi, shikamoo. Natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, lakini naishi Kibaha. Ili nifungue kompyuta ya dukani nikiwa nyumbani, kijana mmoja alinifungulia poti 3389 (mlango wa kuingilia kutoka mtandaoni) kwenye ruta. Je, ni salama?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Marahaba, dada. Ifunge leo hii. Hiyo ndiyo poti ya kawaida ya Remote Desktop ya Windows, yaani huduma ya kufungua kompyuta ukiwa mbali, na wezi wa mtandaoni huibisha hodi usiku na mchana wakijaribu nywila. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilishaachwa, kwa sababu ya tundu la usalama lililokuwa kwenye Remote Desktop hiyo hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa na mzee mmoja aliyeiacha wazi. Nilikuta mafaili yote ya mauzo yamefungwa, na kwenye skrini ujumbe mmoja tu wa kudai fedha. Daftari la madeni ya wateja, miaka mitatu, lilipotea lote. Uso wake sijausahau.

Weka VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, kama WireGuard, kwenye ruta, kama inaikubali. Unganika nayo kwanza, ndipo uingie. Kompyuta ya dukani iwe na Windows Pro, maana toleo la Home halikubali kufunguliwa kutoka mbali kwa Remote Desktop. Jitengenezee akaunti isiyo ya msimamizi, yenye nywila ndefu, kisha iongeze kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutumia Remote Desktop. Na uizuie kompyuta isilale: ikilala, hutaifikia mpaka mtu akafungue duka asubuhi.