Risiva ya zamani haina HDMI, naunganishaje?

SWALI: Fundi habari, mjomba kaniachia risiva ya hom thieta, mzigo mzito kweli, ila haina HDMI hata moja, nyuma ni matundu ya rangi tu na lile la optikali. Mi nina king'amuzi, PS4 na deki ya DVD. Naunganishaje vyote sauti itoke spika zote tano?

JIBU: Salama ndugu yangu, na tafadhali usiiuze hiyo risiva, spika zake bado zinapiga vizuri kuliko hizi saundiba nyingi za bei chee. Picha usihangaike kuipitisha huko, vyote vitatu chomeka moja kwa moja kwenye TV, alafu waya mmoja wa optikali (unaopitisha sauti kwa mwanga) utoke TV uende risiva, ukiuchomeka unasikia kabisa "tak", na ule mwisho wake una kakifuniko kadogo ka plastiki, katoe kwanza, watu wengi wanakasahau wanadhani waya mbovu. Kisha ingia setingi za sauti za TV, toa PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa) weka bitstrimu (sauti iliyobanwa, risiva ndiyo inaifungua), maana kwa optikali PCM inabeba chaneli mbili tu, sauti ya 5.1 (ya spika tano na moja ya besi) inapita ikiwa imebanwa kwa Dolby Digital au DTS, na PS4 nayo iweke hivyohivyo.

Shida ni kwamba TV zingine zinaishusha sauti kuwa stirio, yaani chaneli mbili tu. Ikiwa hivyo nunua swichi ya HDMI yenye tundu la optikali, vifaa vinaingia humo, TV inabaki na picha tu.