Oliver wa katuni na Oliver wa kitabu: mimi nilipata 3 juu ya 20

Yaya (dada mkubwa), umeandika kwamba binti yako yuko mwaka wa tano wa sekondari, mwalimu wa Kiingereza anataka muhtasari wa Oliver Twist, riwaya ya Charles Dickens, Jumatatu, kitabu hakionekani, na jirani amewapa ile katuni ya Disney kwenye flashi. Unauliza kama itatosha. Haitatosha. Mimi nilishajaribu.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Katindo, hapa Goma. Katuni tulikuwa nayo kwa Kifaransa, Oliver et Compagnie, ambamo Oliver ni paka kati ya mbwa wa New York, na wadogo zangu walikuwa wanajua yule mbwa Roublard atasema nini kabla hajafungua mdomo. Nikajiona mjanja. Paka nikamfanya mtoto, mbwa wote wakawa maibobo (watoto wa mtaani), New York ikawa London. Kurasa mbili safi kabisa. Mwalimu alizungushia neno moja tu kwa kalamu nyekundu: Sykes, jina la yule jambazi. Dickens aliandika Sikes. Ile y ni ya filamu. Halafu akalisomea darasa mwisho wa insha yangu, pale jambazi huyo anapogongwa na treni darajani na Fagin, mwenye wale mbwa, anakaribishwa kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya msichana anayemlea paka. Akauliza: «Huyu Fagin alikula keki kabla ya kunyongwa au baadaye?» Kumbe kitabuni Fagin ananyongwa. Nikapata pointi 3 juu ya 20, na jina la Keki likanifuata hadi Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Fagin ndiye aliyeniangusha, na ndiye atakayemwangusha binti yako. Kwenye filamu ni maskini anayeishi kwenye jahazi bovu kando ya mto, ana deni kwa Sykes, amepewa siku tatu alipe. Mtu wa deni la namna hiyo tunamjua: umekopa dola 100, mwisho wa mwezi unadaiwa 150, na anayekudai haji peke yake. Ndiyo maana nyumbani wote tulimhurumia. Fagin wa kitabu hadaiwi na mtu. Ana kisanduku cha vito alichokificha, watoto wanaiba kwa ajili yake, na ni yeye anayemchochea Sikes mpaka Nancy, mpenzi wa Sikes, anauawa. Kwenye katuni Nancy hayupo kabisa.

Angalia soseji, kwa mfano. Filamuni Roublard anamtumia yule paka kumvuruga muuzaji, kisha anaondoka na mnyororo wa soseji shingoni huku anaimba, wala hagawi. Jambo hilo nimeliona mtaani Birere, hapa Goma, kwa macho yangu. Kadogo kanasimama mbele ya beseni la sambaza (samaki wadogo), kanajikwaa, kanalia; mama muuzaji anainama kukainua, na yule mkubwa ameshapotea na fungu lake. Baadaye kadogo kanamkimbilia nyuma, kanadai sehemu yake. Kitabuni soseji zipo pia, lakini ziko kwenye kikaango cha Fagin. Oliver anapofikishwa kwake, mzee anazikaanga, na mtoto mwenye njaa analishwa na kulazwa. Kwa Dickens ile ndiyo ndoano. Binti yako akiandika hilo peke yake, mwalimu atajua amesoma.

Kuna jambo lingine ambalo katuni imeliacha, na hapo naipongeza: kitabuni Fagin anaitwa «Myahudi» tena na tena. Dickens mwenyewe alilipunguza neno hilo katika toleo la 1867.

Kwa wale wadogo, waache watazame, ni saa moja na robo tu. Ilitoka 1988. Mimi nimewaonyesha watoto wa dada yangu kwenye kompyuta, na wa miaka mitano alilia mwanzoni kabisa, paka wenzake walipochukuliwa mmoja mmoja naye akabaki kwenye boksi mvua ikimnyeshea. Aliniuliza kwa nini mama yake hakuja. Sikuwa na jibu, na umeme ukakatika, ukaniokoa. Wimbo wa pale ni mzuri kweli. Maneno yake ni ya Howard Ashman, yule wa nyimbo za The Little Mermaid mwaka uliofuata. Nyingine kwangu ni za redio tu. Billy Joel anaimba vizuri, Bette Midler naye, lakini ondoa wimbo mmoja uone kama hadithi itapungua kitu.

Sasa Jumatatu. Dickens alifariki 1870, kwa hiyo kitabu kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya vitabu ya Project Gutenberg. Chukua faili ya maandishi matupu, haili mega nyingi. Kina sura 53 na hatazimaliza. Asome ya 2, ile ya mtoto kuomba uji zaidi, ambayo katuni haina hata harufu yake. Kisha ya 8, anapokutana na Dodger (ndiye Roublard wetu), ya 47 kifo cha Nancy, ya 50 kifo cha Sikes, ya 52 usiku wa mwisho wa Fagin. Ya 47 asiisome usiku peke yake.

Na mwalimu akiuliza kuhusu mbwa, ajibu kwamba mbwa wa kukumbukwa ni mmoja, anaitwa Bull's-eye, ni wa Sikes, na haimbi.