Mto haupatikani, mto upo

SWALI: Nafundisha jiografia Newala. Mwanafunzi wangu aliandika ubaoni: "Mto Lugenda unaopatikana Msumbiji ni tawimto la Mto Ruvuma unaopatikana kusini mwa Tanzania." Mwenzake akapinga kwamba tawi hutoka kwenye shina, na Lugenda hautoki Ruvuma bali unaingia, kwa hiyo tuseme kijito. Nani yuko sahihi? Na wingi ni matawimto au tawimito?

JIBU: Huyo aliyepinga ana jicho, mpongeze kwa niaba yangu. Ni kweli tawi la mti hutoka shinani likaenda zake. Lakini aliyeunda neno tawimto alitazama umbo, hakutazama maji yanakokwenda. Chora Ruvuma pamoja na mito yote inayouingia, Muhuwesi kutoka Tunduru, Lugenda kutoka ng'ambo, na mingineyo, utaona mti ulioanguka ubavu, kitako cha shina kikigusa bahari. Neno limekwisha kukubalika, lina maana moja, tuliache. Wingi ni matawimto, maana kinachohesabiwa ni tawi.

Kijito hakifai hapa. Neno hilo limetokana na mto huohuo, likavikwa ki- na -ji- za udogo, kwa hiyo linataja ukubwa. Tawimto linataja uhusiano. Kijito kinaweza kuingia baharini chenyewe kisiwe tawimto la mto wowote, na tawimto linaweza kuwa mto mkubwa kama Lugenda, unaotoka upande wa Ziwa Amaramba, karibu na mpaka wa Malawi, na kulikata eneo la kaskazini mwa Msumbiji hadi Ruvuma. Na pale mto unapofika pwani ukagawanyika kwenye mikoko, usiziite njia zile matawimto. Hiyo ni mikondo.

Sasa nirudi kwenye ule mstari wa ubaoni. Mmebishana juu ya tawimto, mkaliacha salama neno lililoharibu sentensi nzima, tena limetajwa mara mbili: unaopatikana.

Kitenzi ni pata, kikaongezwa -ikan- kama katika onekana na julikana. Kitu kinachopatikana ni kile ambacho mtu anakihitaji, anakitafuta, na kuna uwezekano wa kukikosa. Hapo Newala mnalijua hili kuliko wengi. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua inazama ardhini, na kwa miaka mingi kina mama waliteremka hadi mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda mteremko uleule na mzigo kichwani. Aliyekuwa akirudi akaulizwa "Maji yamepatikana?" aliulizwa kwa Kiswahili kamili. Ndani ya neno hilo mna safari, foleni kisimani, na hofu ya kurudi na chombo kikavu. Vivyo hivyo pweza wa Msimbati hupatikana maji ya bamvua yakipwa. Hata gesi ya Mnazi Bay: watu walichimba, ikapatikana mwaka 1982. Sina ugomvi na hayo.

Ruvuma nani aliutafuta akaupata? Simama Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda hapo Newala, asubuhi, ukungu ukiondoka, utazame chini. Mto ule ulikuwapo kabla ya Newala kuitwa Newala.

Mfano unaonichoma zaidi ni huu: "Mto Lukuledi unapatikana mkoani Lindi." Nimeukuta kwenye madaftari ya wanafunzi, nimeusikia redioni, nimeuona kwenye vipeperushi vya utalii. Kila ninapouona nauliza msomaji ameambiwa nini. Hajaambiwa mto unaanzia wapi, unapita wapi wala unaishia wapi. Ameambiwa tu kwamba akienda Lindi hatakosa mto, kana kwamba ni sukari. Mwulize mvuvi wa Kitunda "Lukuledi unapatikana wapi?" atakuuliza kwani ulipotea lini.

Mto una vitenzi vyake, na Kiswahili kimejaliwa navyo tele. Lukuledi unateremka kutoka upande wa Masasi. Unapenya kati ya uwanda wa Makonde na ule wa Rondo. Unapita Nyangao, unainywesha mashamba ya bondeni, unapanuka unapokaribia pwani, kisha unaingia katika hori ya Lindi, ambako maji ya bahari yakijaa huupanda na kuutia chumvi. Masika unafurika, kiangazi unanywea. Hesabu vitenzi hivyo, kisha uniambie kwa nini mtoto wa Mtama aliyeoga mtoni humo tangu utotoni afundishwe kuvitupa vyote ashike kimoja kisichoeleza chochote.

Chanzo cha ugonjwa nakijua. Kiingereza hutumia kitenzi cha kupata kutaja mahali kitu kilipo. Wafasiri wa vitabu vya shule wakakibeba kama kilivyo, walimu wakakinakili, na watangazaji wakakisikia kwa walimu. Sisi hatukuwa na upungufu wowote. Tuna -po, -ko na -mo, viungo vitatu vidogo vyenye upambanuzi ambao lugha nyingi hazina. Daraja la Umoja, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010, liko Mtambaswala, wilayani Nanyumbu. Ukiwa umesimama juu yake unasema lipo hapa. Mafungu ya mchanga yanayojitokeza kiangazi yamo mtoni. Weka "yanapatikana" katika sentensi hizo tatu uone tofauti ya liko, lipo na yamo inavyofutika.

Najua wapo watakaosema lugha hukua, na kwamba maana hii imekwisha kuingia hata kwenye kamusi. Kwa mimea na wanyama nimeacha kugombana. Mtu akiniambia tembo wanapatikana Selous namwelewa, maana tembo hutembea na unaweza kumkosa. Kwa mto, mlima na mji sitakubali.

Kwa hiyo, mwalimu, futa ubao muandike hivi: "Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, na sehemu kubwa ya safari yake ni mpaka wetu na Msumbiji. Mto Lugenda, ulio tawimto lake kubwa kuliko yote, unatoka Msumbiji na kuuingia karibu na Negomano." Yule aliyepinga ndiye aandike.