Mkuu usibebeshe hata kikonyo kimoja kabla majibu ya DNA hayajarudi

Mkuu simama hapohapo. Umeandika kwamba kikundi chenu na wenye mashamba hapo Herefordshire, Uingereza, mnaanza utafiti wa pamoja wa kuokoa epo za zamani za saida, ile pombe ya epo, unataka kujua mwongozo uandikweje, data awe nayo nani, hela mgawane vipi na chuo, halafu mwishoni ukatupia kamstari kwamba Januari mnakata vikonyo, yaani vijiti vya mti wa zamani vya kubebesha (kuunganisha) kwenye mashina ya miche, kwa kufuata ramani ya mzee. Hako kamstari ndiko kaliniamsha usingizini.

Sisi tulifanya hivyohivyo. Ramani ilichorwa na marehemu baba wa mwenye shamba: mstari wa tatu, mti wa tano kutoka getini, jina limeandikwa kwa penseli, aina ambayo haipo kwenye kitalu chochote. Jamaa mmoja tuliyemlipa atushauri akasema vipimo vya DNA ni kuchoma hela, wazee hawakosei. Wazee hawakosei, ila geti linahama! Lilishahamishwa upande wa pili, na miti iliyokufa ikazibwa na mingine, hakuna aliyetuambia na sisi hatukuuliza. Machi tukabebesha miche 40 kwenye mashina ya M25, aina ya shina la epo la kubebeshea, tukapiga picha, tukatangaza aina imeokolewa. Mwenye shamba naye akasikia imeokolewa, Oktoba akaleta msumeno akafyeka mistari yote mitatu. Simlaumu, tulimwambia wenyewe.

Juni iliyofuata ndiyo tukatuma majani. Majibu yakarudi: Dabinett. Yote 40. Dabinett mkuu, epo ambayo unaipata kwenye vitalu kibao Uingereza! Na kabla hujasema tulikuwa tumelewa hiyo saida, mimi sinywi hata tone.

Nikaenda shambani nikakuta visiki, nikaingiza vidole kwenye kimoja vikatoka na unga mweusi wa mti uliooza, hakuna hata chipukizi. Unajua mbegu ya epo haikupi mti kama mama yake, kila mbegu inatoa kitu kipya, kwa hiyo mti wa mwisho ukikatwa kabla hujapata kikonyo chake ndiyo basi. Tukaulizia mpaka Brogdale kule Kent, kwenye mkusanyiko wa taifa wa miti ya matunda, wana aina zaidi ya 2,000 za epo, yetu haimo. Tunda lake niliwahi kulionja mara moja tu, lilikuwa kwenye ndoo jikoni kwa mwenye shamba, mdomo ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Yule mshauri hela yake alishachukua na simu hapokei mpaka leo, wakati kipimo cha ule mti hakifiki hata robo ya alichotulipisha kwa siku moja.

Kwa hiyo kwenye mwongozo wenu mstari wa kwanza kabisa uwe huu: mti unapewa namba kwanza, jina linakuja na majibu ya DNA, na mwenye shamba anasaini kwamba msumeno haugusi kitu mpaka majibu yarudi na miche ishike sehemu mbili tofauti. Jani lichumwe juu ya kovu la kubebeshea, chipukizi la chini ni la shina, litakupa majibu ya shina.

Hayo ya hela na chuo mtaelewana. Wikiendi hii nunua vibati vya alumini, piga namba kwa msumari, waya uulegeze maana tawi linanenepa, na nenda na mwenye shamba mwenyewe akuoneshe geti lilikuwa wapi zamani.