Saga kwanza, pima baadaye: kwa fundi sanifu mpya wa maabara ya shule

Mdogo wangu uliyepangiwa maabara ya kemia mwaka huu, nianze na kosa lililonitoa jasho mimi mwenyewe.

Asubuhi moja ya mtihani wa majaribio wa kidato cha sita niliandaa pamanganeti ya potasiamu ya 0.02 M, gramu 3.16 kwa lita moja. Nikakoroga, rangi ya zambarau ikakolea, nikaamini kazi imekwisha. Vitendo vilipoanza, meza za mbele walitumia ujazo mkubwa kutoka kwenye bureti, ule mrija wenye alama za kupimia kimiminika, na meza za nyuma, niliowagawia mwisho, walitumia mdogo. Mwalimu alidhani watoto hawajui kusoma bureti. Nilipomimina mabaki ya chupa ndipo nikaziona punje nyeusi zimelala chini. Nilipokuwa nikiwagawia wa mbele zilikuwa bado hazijayeyuka, kwa hiyo walipata myeyusho hafifu, uliohitaji ujazo mkubwa zaidi, nazo ziliendelea kuyeyuka taratibu kadiri nilivyogawa. Watoto walisoma bureti sawasawa. Makosa yalikuwa yangu, nao ndio waliolaumiwa.

Tangu siku ile nimeitazama kila kemikali kwa swali moja: punje zake ni kubwa kiasi gani?

Kitu kigumu huyeyuka pale tu kinapogusana na maji, yaani kwenye uso wake. Kilichomo ndani husubiri zamu. Chukua kiazi, ukate mchemraba wenye pande za sentimita 1. Una nyuso sita, jumla sentimita za mraba 6. Ukiukata upate michemraba midogo ya milimita 1, unakuwa nayo 1,000, na jumla ya nyuso zao ni sentimita za mraba 60. Kiazi ni kilekile, hakijaongezeka hata chembe, ila mahali pa kugusana na maji pamekuwa mara kumi. Wanafunzi wakishughulikia kiazi hiki kwa mikono yao hawahitaji maelezo mengi.

Lugha yetu nayo inasaidia. Mtoto huimumunya pipi ikakaa mdomoni muda mrefu. Akiitafuna, inakwisha mara moja. Neno hilohilo, kumumunya, ndilo lililotupa kumumunyika. Mimi hulipenda darasani kuliko kuyeyuka, kwa sababu barafu nayo huyeyuka, mshumaa nao huyeyuka, na mwanafunzi anaishia kudhani kwamba chumvi ndani ya maji imefanya kama mshumaa.

Sasa kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya. Kusaga huongeza kasi, hakuongezi kiasi kinachoweza kuyeyuka. Mililita 100 za maji ya joto la kawaida hubeba gramu 36 hivi za chumvi ya mezani. Ukiweka gramu 50, hata uisage iwe laini kama poda, zilizozidi zitabaki chini. Nimemkuta kijana akirudisha mashapo kwenye kinu mara ya tatu, mkono umemuuma, kumbe maji yalikuwa yameshiba zamani. Kabla ya kushika mchi, hakikisha kwanza kwamba kiasi ulichopima kinaweza kuyeyuka katika maji uliyonayo.

Jambo hili lilipimwa kwa makini huko Marekani na Arthur Noyes na Willis Whitney, waliochapisha kazi yao mwaka 1897. Walizungusha vijiti vya asidi ya benzoiki na vya kloridi ya risasi ndani ya maji. Vijiti viliwasaidia kuuweka uso uleule, wasichanganye mambo mawili. Wakaona kwamba kasi hufuata pengo lililobaki kabla ya maji kushiba: pengo likiwa kubwa, kitu huyeyuka upesi, likipungua, mwendo unapungua. Kwa hiyo usianze na maji kidogo mno kwenye bika ukitarajia kuongeza baadaye. Anza na maji ya kutosha, chini ya alama ya mwisho.

Na ukoroge. Unga ulioachwa chini ya bika hujilaza kama tuta, maji yanayouzunguka yanashiba, na ni juu ya tuta tu panapogusana na maji mapya. Unga usiokorogwa unaweza kukaa muda mrefu kama bonge.

Ulaini nao una taabu zake. Unga mkavu sana hukamata hewa na kufanya madonge, nje yamelowa, ndani makavu. Anayepika uji anajua dawa yake: koroga unga na maji baridi kwanza, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka. Wanga wa kupimia iodini tunauandaa hivyohivyo, ingawa wanga hauyeyuki kama chumvi. Huvimba na kutawanyika kwa moto.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ndio ninaousaga zaidi, kwa sababu mara nyingi huja kwa mabonge ya buluu. Ukisagwa rangi yake hupauka. Usishtuke ukadhani maji yake ya fuwele, yale yaliyofungwa ndani ya punje zake, yametoka. Punje ndogo hutawanya mwanga zaidi. Saga kwanza, pima baadaye. Ukipima halafu ukasaga, sehemu ya gramu zako inabaki kwenye kinu, na namba uliyoandika kwenye lebo inakuwa ya uongo. Funika mdomo na macho, maana vumbi lake linawasha vibaya.

Kuna vitu usivisage kabisa. Haidroksidi ya sodiamu iache na vidonge vyake: hunyonya unyevu wa hewani, huunguza ngozi, na vumbi lake likiingia jichoni ni hatari kubwa. Pamanganeti, nitreti na kloreti usizitie kwenye kinu chenye hata chembe ya sukari, salfa au mkaa, kwa maana msuguano unaweza kuwasha moto au kulipuka. Hizi zipe muda na maji, usizipe mchi.

Pamanganeti sasa naiandaa siku moja kabla. Natumia maji ya uvuguvugu, nakoroga, naiacha ilale, asubuhi naichuja kwa pamba ya kioo. Karatasi ya chujio siitumii, kwa sababu pamanganeti huishambulia na nguvu yake hupungua. Kisha naimimina polepole kwenye chupa nyingine na kuinamisha ile ya kwanza dirishani, nione kama chini pamebaki kitu. Rangi ile ni nzito mno. Ukiitazama kwa ubavu wa chupa huoni chochote.