Kizunguzungu na magoti kuuma mwanzoni mwa tai chi: tengeneza kusimama kwanza, pumzi ngoja

Umeuliza kwa nini kichwa kinazunguka dakika chache tu baada ya kuanza tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mijongeo ya polepole, na kwa nini magoti yanauma ilhali hujasogeza hata mkono. Jibu liko kwenye kusimama. Walimu wengi wa video huanza na "vuta pumzi ndefu", na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea, kwa sababu anailazimisha pumzi kuingia kwenye mwili uliokaza. Kwa wiki mbili za kwanza, achana na pumzi. Ipite puani jinsi inavyotaka.

Anza miguu ikiwa pamoja. Peleka uzito wote mguu wa kulia, legeza goti lake kidogo, kisha inua mguu wa kushoto kisigino kikitangulia. Uweke pembeni, vidole vikigusa chini kwanza na kisigino baadaye, ndipo ugawanye uzito nusu kwa nusu. Kati ya nyayo mbili ibaki nafasi ya karibu unyayo wako mmoja kwa urefu. Wengi hutanua kupita hapo wakidhani ndiyo nguvu. Nyonga hukaza na magoti huingia ndani. Vidole vielekee mbele, visitawanyike kama vya bata.

Sasa magoti. Yafungue tu, usichuchumae. Ukitazama chini, kilele cha goti kielekee kidole cha pili cha mguu na kisivuke ncha za vidole. Paja likitetemeka au kuwaka moto, sawa, hiyo ni misuli inafanya kazi. Maumivu ndani ya goti lenyewe si sawa: inuka kidogo, angalia kama goti limeanguka ndani, na yakiendelea, acha siku hiyo. Kosa la upande wa pili ni kulikaza goti likanyooka kabisa. Misuli ya miguu ikitulia hivyo, damu hujikusanya chini, na mtu anaweza kuzirai akiwa amesimama wima.

Uzito ukae katikati ya unyayo. Kuupima ni rahisi ukiwa Nakuru, maana vumbi letu ni laini: simama pekupeku dakika mbili, toka, tazama alama. Kisigino kikiwa kimezama zaidi, unaegemea nyuma; vidole vikiwa vimechimba, unaning'inia mbele. Raba zenye soli nene nyuma hukusukuma mbele bila wewe kujua. Akala bapa, zile ndala za matairi, zinafaa kuliko viatu vingi vya mazoezi, na sisemi hivyo kwa sababu ya bei.

Mkia wa mgongo uachie ushuke, kama mtu anayetaka kuketi kwenye stuli ndefu na kuahirisha. Ukiubana kwa nguvu kuelekea mbele, kiuno kitauma kesho. Utosi upande juu, kidevu kirudi nyuma kidogo, ulimi uguse kaakaa nyuma ya meno ya juu. Makwapani bakiza upenyo wa ngumi moja.

Kifua ndicho hueleweka vibaya zaidi. Yang Chengfu (1883–1936), mwalimu maarufu wa tai chi wa China, aliacha mambo kumi ya kuzingatia, na mojawapo ni kifua kulegea ndani kidogo. Watu wakisoma hivyo wanajikunja mgongo. Alichokieleza ni kwamba kifua kikibenuliwa, pumzi hukwama juu; kikilegea, inashuka yenyewe hadi dantiani, pale chini ya kitovu. Kumbe hata kwake pumzi hufuata mkao.

Wiki hizo mbili zikiisha ndipo ujaribu pumzi. Weka mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya kitovu. Wa chini usogee, wa juu utulie. Usilisukume tumbo kwa misuli: kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kikishuka, tumbo hutoka lenyewe. Ukihisi midomo au ncha za vidole zinachonyota pamoja na kizunguzungu, umepumua kupita kiasi. Umetoa kaboni dayoksaidi nyingi na mishipa ya ubongo imebana. Dawa si kuvuta zaidi, ni kupunguza. Mtu aliyetoka Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya bahari, akija Nakuru kwenye mita 1,850 hivi, huona pumzi inakata mapema na hujibu kwa kuvuta kwa nguvu. Apunguze muda wa kusimama badala yake. Kizunguzungu kinachokuja hata ukiwa umeketi hakihusiani na mkao, hicho kipeleke hospitali.

Dakika tatu za kusimama zinatosha kwa kuanzia, kisha ongeza hadi tano. Mabega yakikaa chini muda wote huo, ingia kwenye mjongeo wa kufungua: mikono ipande mpaka usawa wa mabega, viganja vikitazama chini, viwiko vikiwa chini kuliko vifundo vya mikono, huku ukivuta pumzi, ishuke ukitoa, magoti yakilegea pamoja nayo. Pumzi ikiisha kabla mikono haijafika, vuta nyingine na uendelee. Usiibane kuisubiri mikono.